Tangazo la Nane na Ng'ombe wa Tusekile

Usiku wa jana niliota ng'ombe wa jirani yangu Tusekile amepiga hodi mlangoni, nami nikamkaribisha ndani.

Kwamba ng'ombe amepiga hodi halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba alifuta kwato zake kwenye gunia kabla ya kuingia, maana wapo washirika wenzangu wa kanisani wa miaka mingi ambao hawafuti.

"Shikamoo, Mama Lwitiko," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Akakitazama kiti kwa heshima, akasema atasimama tu.

Ng'ombe huyo anaitwa Faraja. Ni mweusi, na usoni ana doa jeupe. Tusekile amemlea tangu akiwa ndama, na maziwa yake ndiyo yanayowavalisha wale watoto wake watatu sare za shule. Lakini tangu Jumatano maziwa yametoka kwa Tusekile asubuhi na kurudi kwa Tusekile mchana, hakuna aliyeyagusa. Watu wanasema yana sumu.

"Sijaja kwa ugomvi," akasema Faraja. Alikuwa anacheua taratibu, na kila sentensi aliimalizia kabla ya kumeza. "Nimekuja kukuarifu tu. Tusekile amekata tamaa. Kesho Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mwakatundu anakuja na kamba."

Mwakatundu ndiye mchinjaji wetu. Hana jambo jingine la kufanya na kamba.

"Nimesikia habari hiyo," nikasema. "Nimemwombea sana Tusekile."

"Ahsante. Na mimi je, uliniombea?"

Nikasema ukweli, kwamba sikufikiria.

"Haina neno. Ila nyama si kipaji changu, mama. Nyama ng'ombe yeyote anaweza, hata mvivu. Mimi kipaji changu ni maziwa. Lita kumi na mbili kwa siku, na tangu Jumatano zinamwagwa kwenye migomba. Migomba yenyewe imeanza kulalamika."

Nikamwambia mimi ni mjane, nimeishia darasa la saba, sina mamlaka juu ya maneno ya watu. Habari ya sumu ilikuja kwenye simu yangu kama ilivyokuja kwa wengine. Nami nikaipeleka kwa akina mama wa kikundi chetu cha sala ili wajihadhari. Arobaini na wawili tu.

"Huyo aliyekuja kwenye simu yako," akasema Faraja, "unaweza kumwita?"

Nikaichukua simu nikaigonga mgongoni, kama tunavyogonga debe la unga. Akadondoka mwanamume.

Alikuwa mnene. Amevaa koti jeupe la daktari, na kifuani amepachika alama tatu za mshangao zilizosimama wima, mtu angedhani ni nishani. Uso sikuuona. Pale penye uso palikuwa na duara dogo linazunguka, linazunguka, kama picha ambayo bando halijatosha kuifungua.

"NDUGU MTANZANIA!" akapaza sauti. "KABLA HUJANYWA MAZIWA LEO, SOMA HII MPAKA MWISHO!"

"Punguza sauti, baba, kuna mgeni," nikamwambia.

"MIMI NI DAKTARI BINGWA! NITUME KWA WATU KUMI!"

Faraja akamtazama bila kuacha kucheua. "Huyu ndiye anayenichinja. Na wa kumrudisha alikotoka ni mwanachama peke yake. Asiye mwanachama anaruhusiwa kuomba radhi tu, na radhi haifungui kamba ya Mwakatundu."

"Mwanachama wa chama gani?"

"Chama cha Wapambanuzi wa Habari. Tayari tumo ofisini."

Nikageuka. Kweli, sebule yangu imekuwa ofisi. Sikuona imebadilika saa ngapi. Kabati la vyombo limekuwa kaunta, na ile picha ya ubatizo wa Lwitiko ukutani imekuwa bango: WANACHAMA WAPYA WAPANGE MSTARI. Mstari ulikuwa mimi.

Kwenye kiti cha mwenyekiti imekaa redio ya marehemu mume wangu, ile ya mbao, yenye kitambaa kilichochanika mbele. Pembeni yake amekaa muhuri wa mbao, mfupi, mwenye wino hadi mabegani. Huyo ni katibu.

"Mama Lwitiko," ikasema redio, "unanifahamu."

"Nakufahamu, mwenyekiti. Mzee wangu hakulala kabla hujanyamaza."

"Mzee wako alikuwa mwanachama wetu miaka ishirini na sita. Alisikia habari jioni, akaingoja tena asubuhi, ndipo akaisema shambani. Watu walimwita mzito."

"Hata mimi nilimwita hivyo," nikasema.

"Imepokelewa," akasema katibu, akajigonga mezani. Pakabaki alama ya duara.

Wakanipa fomu. Jina, nikajaza. Kazi, nikajaza: mkulima, na msoma matangazo kanisani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Elimu, nikasita.

"Darasa la saba," nikasema kwa sauti ndogo.

"Inatosha kabisa," ikasema redio. "Wenye digrii ndio wanaotutesa, kwa sababu wanasambaza na maelezo."

Swali la nne lilikuwa hili: Habari ya mwisho uliyoipeleka kwa watu, uliipata kwa nani? Nikajaza: kwa Bupe wa mashine ya kusaga. Fomu ikaongeza swali chini yake: Na yeye aliipata kwa nani? Nikasema sijui. Fomu ikateremka mezani, ikatambaa sakafuni, ikatoka nje ikielekea kwenye migomba, na kila hatua imeandikwa: na yeye je? na yeye je?

"Kwanza huyu daktari apimwe," akasema katibu.

Nawaeleza wasiojua: kule tunakopeleka maziwa kuna kioo chembamba chenye alama. Kinatumbukizwa ndani ya maziwa. Maziwa mazima yanakibeba juu. Yaliyotiwa maji yanakizamisha, na aliyeyaleta anaondoka na ndoo yake huku watu wanamtazama. Basi wakamkalisha Daktari Bingwa kwenye ndoo, wakamtumbukizia kile kioo kwenye kola ya koti.

Kikazama. Hata ncha yake haikuonekana.

"Maji robo tatu," akasema katibu. "Imepokelewa."

"KATIKA NCHI ZILIZOENDELEA HAWAPIMI HIVI!" akalalamika Daktari Bingwa kutoka ndani ya ndoo.

Redio ikanisomea kanuni. "Ibara ya nne. Mwanachama hurudi na habari hadi ilikotoka. Atarudi kinyumenyume, ili uso wake ubaki unawatazama aliokwisha kuwapelekea, asije akawasahau."

"Na uanachama nitapewa lini?"

"Ukiisoma habari yote nzima. Saa tatu hatutakuwepo tena."

Basi natembea kinyumenyume. Ni mchana mweupe, jua limetoka ingawa huku kwetu Rungwe jua ni la kuazima. Mkononi nina kamba, na Daktari Bingwa yuko mwisho wa kamba. Mbele ya uso wangu wanakuja akina mama wote arobaini na wawili wa kikundi cha sala, kila mmoja ameshika kikombe kitupu. Wananitazama tu, na wanapiga hatua pale ninapopiga hatua.

Kutembea hivyo nikagundua shida yake: unawasalimu watu wakati umeshawapita.

Mgongo wangu ukagonga kitu. Ni mashine ya kusaga, inanguruma, na Bupe amesimama mlangoni, mweupe wa unga mpaka kope. Bupe ni mwanamke wa kucheka, na ana sauti inayoshinda mashine.

"Yalaa! Mama Lwitiko, unaniletea mgongo? Nimekukosea nini?"

"Nafuata ibara ya nne. Bupe, huyu mtu alitoka kwako, na mgeni huja na barua ya utambulisho. Alipokuja kwako alikuwa na barua?"

"Barua ya nini? Alikuja na shati."

"Na hili koti?"

Bupe akaangalia pembeni, akajifanya anarekebisha mkanda wa mashine. "Koti nilimvalisha mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sasa mama, alifika hapa na shati limemchakaa, anasema 'nasikia, nasikia.' Nani atakusikiliza ukisema 'nasikia' penye mashine inayonguruma? Wateja wananipita. Nikamwambia, njoo hapa, wewe kuanzia leo ni daktari bingwa. Hapa kwangu kila anayesimama dakika mbili anakuwa mweupe."

Nikampiga Daktari Bingwa begani. Koti lote likapeperuka. Lilikuwa unga. Mama wa mbele kati ya wale arobaini na wawili akapiga chafya.

Mwanamume akabaki na shati, na alikuwa amepungua nusu. Sauti nayo imepungua.

"Mimi ni mtu wa karibu na daktari," akasema.

"Bupe, wewe ulimpata kwa nani?"

"Kwa Subilaga fundi cherehani. Na umwambie nguo yangu bado namdai wiki ya tatu."

Nikavuta kamba, nikarudi tena. Njiani pakawa na mto ambao haupo, nikauvuka kwa mgongo, maji yakanipisha kwa sababu nilisema hodi. Nikamgonga Subilaga akiwa kwenye cherehani yake barazani, pini mdomoni. Subilaga ana maneno machache kwa sababu ya zile pini.

"Umemleta wa kurekebisha?" akauliza.

"Nimemleta wa kuuliza. Alipokuja kwako alikuwa na barua?"

"Hakuwa na hata vifungo. Kifua wazi, mtu mzima. Nikamshonea vitatu."

Akamaanisha zile alama za mshangao.

"Subilaga, ungemshonea kimoja."

"Kimoja watu wanadhani umekosea. Vitatu wanajua una uhakika." Akachukua mkasi, tap, tap, tap, alama tatu zikaanguka barazani. Kuku akaja akaichukua moja, na tangu hapo kila alipotaga alipaza sauti kuliko wenzake.

Yule mwanamume akashuka kimo tena. Sasa alinifika kiunoni, na pale kifuani palipokuwa na vifungo pakaonekana maneno yameandikwa kwa wino, manne: MAZIWA YA TUSEKILE YASINYWEWE. Hakuwa na kitu kingine chochote. Hata sumu hakuwa nayo. Ile alipewa njiani na watu ambao hawakumbuki.

"Sasa niambie, mwanangu," nikasema, nikiamini nimefika kwa mwongo. "Huyu ulimpata kwa nani?"

Subilaga akatoa pini mdomoni, zote, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa gauni lake. Ndipo nikajua jibu lake ni refu kuliko kawaida.

"Kanisani, mama. Jumapili. Nilikuwa benchi la tatu. Wewe ndiye uliyemtoa."

"Mimi nilisoma tangazo."

"Tangazo la nane," akasema Subilaga. "Hayo maneno manne ndiyo uliyoyasoma. Kisha ukasema, 'Tangazo la tisa, kwaya ya vijana.'"

Wale akina mama arobaini na wawili wakatikisa vichwa vyao kwa pamoja, kama wanavyofanya kwenye sala ya toba.

Lazima niseme hapa jambo langu. Mimi katika kusoma matangazo nina sifa. Waliokuwa kabla yangu walisoma kila kitu, mpaka 'mimi niliye mdogo wenu katika Bwana,' watu wakalala, watoto wakalia, ugali ukachelewa. Mimi nilipopewa kazi nikaanza kufupisha. Nafupisha papo hapo, jicho linatangulia mdomo, linakata. Jumapili hiyo matangazo yalikuwa kumi na saba na mchungaji ameshatazama saa mara mbili. Nikayamaliza kwa dakika nne. Mchungaji alinishika mkono mlangoni akasema, "Mama, una karama." Nami nilifurahi mpaka Jumatatu.

Nikasema hayo yote kwa Subilaga. Nikasikia sauti ya redio, na redio yenyewe siioni.

"Mama Lwitiko. Mgeni akihamia ushirika wenu na hana barua kutoka ushirika alikotoka, wewe unafanyaje?"

Hilo nalijua hata usingizini, na ndipo nilipokuwa. "Namkaribisha, namketisha benchi la nyuma, namwuliza ametoka wapi, nani anamfahamu huko, na kwa nini ameondoka. Chakula cha Bwana hapewi mpaka barua ije."

"Hata akiwa na koti zuri?"

"Hasa akiwa na koti zuri."

"Huyu mwenye maneno manne alikuwa na barua. Tusekile alimwandikia, ukurasa mzima. Wewe ukambakiza yeye, barua ukaitupa, ukampandisha mimbarini."

Nikamtazama yule mtu mdogo, naye akanitazama kwa lile duara lake linalozunguka.

"Yalikwenda wapi maneno mengine?" nikauliza.

"Yaendako siku zote," akasema katibu, ambaye alikuwa kwenye mfuko wa kitenge changu. "Chini ya mimbari."

Sasa nimepiga magoti kanisani, mbele ya mimbari. Kuna kimlango chini yake ambacho miaka kumi na tisa sijawahi kukiona, na nimefagia pale kila Ijumaa. Nakifungua. Ndani kumejaa.

Maneno yote niliyoyakata yamekaa humo, yamebanana kama wageni wa harusi wakati wa mvua. 'Kwa unyenyekevu mkubwa' amekaa mbele, ameinamisha kichwa. 'Na familia yake yote' wamelala kwenye mkeka mmoja. 'Kama Mungu akipenda' wako wengi mno, wamepangwa mpaka darini. Mzee mmoja, 'Bila kuwasahau majirani,' ananyoosha miguu na kusema, "Mama umekuja! Tumesahaulika."

"Nisameheni," nasema. "Natafuta maneno ya Tusekile, ya Jumapili iliyopita."

"Wageni wako kule kwenye kona, bado hawajazoea giza," anasema 'Kwa unyenyekevu mkubwa.'

Ninapita kwa magoti. Nikakutana na maneno matatu yamekaa peke yake, safi, yamevaa nguo nyeusi. 'Tuliyempenda sana sana.' Niliyatambua. Yalikuwa kwenye tangazo la shukrani la msiba wa mume wangu. Niliandika mwenyewe, na nilipofika hapo mimbarini nikayaruka, kwa sababu ningeyasoma ningelia, na matangazo yalikuwa bado sita.

"Hujambo, mama," yakasema.

"Sijambo. Mmekaa humu muda wote?"

"Tuko salama. Wewe endelea na ng'ombe, saa inakwenda."

Nikaendelea. Maneno ya Tusekile niliyakuta kwenye kona, yameshikana mikono yasipotee. Nikayahesabu kama ninavyohesabu vikombe vya meza ya Bwana. 'Amechomwa sindano ya kiwele,' yupo. 'Bwana mifugo amesema,' yupo. 'Kwa siku tatu tu,' yupo, analia. 'Kuanzia Jumanne jioni yatakuwa mazuri,' yupo. Na wa mwisho, mdogo, ananuka moshi wa jikoni: 'Karibuni.'

"Huyu kwa nini analia?" nikauliza.

"Kwa siku tatu tu," akasema yeye mwenyewe. "Mama, mimi nilikuwa na kazi siku tatu tu. Leo ni ya saba."

Nikawakusanya wote ndani ya kitenge, nikatoka. Nilitaka kukimbia moja kwa moja, lakini ibara ya nne ni ibara ya nne. Nikaenda kinyumenyume mpaka nikagonga uzio wa Tusekile.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anamwaga maziwa, ile sauti ya ndoo inayoshuka kwa mtu asiye na haraka tena. Migomba ikasema, "Yametosha, Tusekile, yametosha," naye akaiambia inyamaze.

"Nani huyo ananijia na mgongo?"

"Ni mimi, mwanangu. Mama Lwitiko."

"Aa. Basi hujabadilika. Hata Jumapili ulinipa mgongo."

Hilo lilinichoma. Tusekile ni msichana wa adabu, nimemfundisha mwenyewe katekisimu. Ndotoni au macho, hajawahi kunijibu hivyo.

"Tusekile, nimekuja kuuliza. Habari ya maziwa haya uliitoa wewe?"

"Niliitoa mimi, kwa mkono wangu. Faraja alivimba kiwele, Bwana mifugo akamchoma sindano Jumamosi. Akaniambia siku tatu maziwa yasinywewe, dawa itoke. Mama, ningeweza kunyamaza! Wangapi wananyamaza na wanauza? Nikasema hapana, hawa ni watu wangu, watoto wao wanakunywa. Nikaandika ukurasa mzima. Nikakuletea wewe. Sikumletea mwingine." Akaiweka ndoo chini. "Nimesema kweli, nikaonekana mchawi. Ningesema uongo, ningekuwa bado nauza."

Faraja alikuwa amesimama nyuma yake. Shingoni mwake kamba ilikuwa imeshaanza kuota, nyembamba, kama mche.

"Ni saa ngapi?" nikauliza.

"Saa tatu kasoro dakika nne," ikajibu redio kutoka juu ya migomba.

Dakika nne! Zile zile nilizotumia kwa matangazo kumi na saba.

"Geuka," akasema katibu. "Umefika ilikotoka. Sasa wape uso."

Nikageuka, nikamwona Tusekile. Alikuwa amekonda. Nikapindua ndoo, nikapanda juu yake. Wale arobaini na wawili wakajipanga na vikombe vyao. Bupe alikuja na unga wake, Subilaga na pini zake, na nyuma yao watu ambao siwajui, ila walikuwa wameisikia ile habari, maana kila mmoja alikuwa na duara dogo linazunguka kwenye paji la uso.

Nikafungua kitenge. Maneno yakapanda mmoja mmoja kwenye ulimi, nami nikayasoma kwa sauti, bila kuruka.

"Ndugu washirika, mimi Tusekile, mdogo wenu, nawaarifu kwa unyenyekevu."

Yule mtu mdogo akainuka kidogo.

"Ng'ombe wangu Faraja ameugua kiwele na amechomwa sindano ya dawa siku ya Jumamosi."

Akapata miguu. Miguuni akapata buti za mpira, zenye matope.

"Bwana mifugo amesema maziwa yasinywewe kwa siku tatu tu."

'Kwa siku tatu tu' akapita mdomoni mwangu huku amenyamaza kulia, na duara lile la usoni likaacha kuzunguka. Uso ukafunguka. Alikuwa Bwana mifugo wetu, kijana mwembamba mwenye mwanya, na alionekana amechoka kwa safari.

"Siku tatu tu, mama," akasema kwa sauti ya kawaida ya mtu. "Ndivyo nilivyosema. Kisha kila nilipopita mkanivalisha."

"Usimkatize, hajamaliza," akasema Faraja.

Sauti ilikuwa inanikauka, maana hewa ya kusoma maneno yote sikuwa nimeizoea. Katibu akatumbukiza kile kioo cha kupimia hewani mbele ya mdomo wangu. Kikaelea. Kikasimama juu kabisa.

"Kuanzia Jumanne jioni maziwa yatakuwa mazuri kama kawaida," nikasema kwa nguvu zangu zote, na kamba shingoni mwa Faraja ikanyauka kama jani. "Bei ni ile ile. Nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Karibu..."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka, mvua ndogo juu ya bati. Nilipiga magoti kama kawaida yangu nisali, nikafungua mdomo. Haikutoka sauti. Nikakohoa, nikajaribu tena, ukatoka mkwaruzo, kama wa mtu aliyehubiri mkutano wa injili siku tatu bila kipaza sauti. Wala sikulala na mafua. Nikasali kimoyomoyo, na nilikuwa na mengi.

Nikavaa. Sikunywa chai. Nilijua ninakokwenda, na nilijua saa tatu haiko mbali.

Nimefungua mlango tu, nikakutana njiani na Mwakatundu mchinjaji. Kamba ameizungusha begani. Mkono mmoja ameshika mwavuli, na mwingine ameshika jagi la plastiki, tupu.

"Shikamoo, mama," akasema. "Eti lita moja ya maziwa, kwa watu watano, itatosha?"

Nikamwonyesha vidole viwili. Mbili.

"Nami nilidhani hivyo." Akalitazama jagi lake, halafu akanitazama mimi, kwa ile heshima ya mtu anayetaka kusema jambo na hajui kama linaruhusiwa. "Tumekusikia alfajiri, nyumba nzima. Mke wangu alikaa kitandani akasikiliza mpaka mwisho. Umesoma vizuri, mama, hujaacha kitu. Ila pale mwisho, kwenye 'karibuni,' uliikata kidogo."

"Najua," nikamwambia kwa mkwaruzo. "Ndiyo naenda kuimalizia."

Nikafungua mwavuli, nikamtangulia.